Harufu ya gesi si ya gesi: Yanayofaa kujulikana jikoni Njoro

MITUNGI ya gesi imekuwa sehemu ya mandhari ya mji wa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Hupangwa nje ya maduka, hufungwa nyuma ya bodaboda na hupandishwa ngazi hadi vyumba vya kupanga wanamoishi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton.

Harufu yake inajulikana na kila mtu. Wapo wanaoilinganisha na ya yai viza, na wapo wanaosema ni ya kabichi iliyooza. Jambo wasilolifahamu wengi ni kwamba harufu hiyo si ya gesi yenyewe. Hutiwa na binadamu kwa makusudi.

Jambo la pili lisilofahamika sana ni kwamba gesi ya mtungini si gesi asilia. Gesi iliyo na undugu wa karibu zaidi na gesi asilia katika eneo hili haiuzwi dukani, bali hutoka zizini. Tofauti hizo si za majina tu. Gesi moja ikivuja hupaa kuelekea darini, nyingine hutambaa sakafuni, na usalama wa familia nzima waweza kutegemea kujua ni ipi iliyomo jikoni.

Chimbuko lake

Gesi asilia ni mchanganyiko wa gesi ambao sehemu yake kubwa ni methani, yaani atomi moja ya kaboni iliyoshikana na atomi nne za haidrojeni. Mamilioni ya miaka iliyopita, mimea na viumbe vidogo vya majini vilikufa, vikazama na kufunikwa na matope. Tabaka ziliongezeka juu ya tabaka, na uzito pamoja na joto la ardhini vikayageuza masalio hayo kuwa mafuta na gesi.

Kwa kuwa ni nyepesi, gesi hiyo hupenya katika vitundu vya miamba ikielekea juu, hadi inapozuiwa na mwamba usiopenyeka. Hapo hujikusanya, na hapo ndipo wachimbaji huitafuta.

Katika Afrika Mashariki, Tanzania ndiyo iliyotangulia kunufaika. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka wa 1974 na katika Ghuba ya Mnazi, Mtwara, mwaka wa 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka wa 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara likakamilika mwaka wa 2015.

Kenya haijabahatika hivyo. Gesi iliyopatikana mwaka wa 2012 katika kisima cha Mbawa, baharini katika Pwani ya Kenya, haikutosha kuchimbwa kibiashara. Mnamo Mei 2021, Kenya na Tanzania zilitia saini mkataba wa maelewano kuhusu bomba la kusafirisha gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa.

Wakazi wa Bonde la Ufa hukosea kwa urahisi wakidhani kwamba moshi mweupe wanaouona ukifuka Menengai au Hell's Gate ni gesi asilia. Huo ni mvuke wa maji yaliyochemshwa na joto la ardhini, na harufu yake ya yai viza hutokana na kiasi kidogo cha haidrojeni salfaidi. Mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme, lakini hauwaki. Vilevile, gesi inayochimbwa Kereita, Kaunti ya Kiambu, ni kaboni dioksaidi. Hiyo hutiwa kwenye soda, na badala ya kuwaka huzima moto.

Methani ya siku chache

Si lazima methani isubiri mamilioni ya miaka. Kuna bakteria wanaoitengeneza kwa muda mfupi popote pale masalio ya viumbe yanapooza pasipo hewa. Mwanasayansi Alessandro Volta wa Italia aliigundua methani mwaka wa 1776, baada ya kukusanya mapovu yaliyokuwa yakitoka katika kinamasi kando ya Ziwa Maggiore.

Katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, vilindi vya Ziwa Kivu vimehifadhi methani nyingi, ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na kazi ya bakteria. Mwaka wa 2016, Rwanda ilizindua mtambo wa KivuWatt wenye uwezo wa megawati 26, unaovuta maji ya vilindini, kuitenga gesi na kuichoma ili kuzalisha umeme.

Kilichomo mtungini

Gesi inayouzwa kwa mitungi ya kilo 6 na kilo 13 ni mchanganyiko wa propani na butani. Hupatikana mafuta ghafi yanaposafishwa, au hutengwa na gesi asilia kisimani. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisitisha kazi hiyo mwaka wa 2013, na tangu wakati huo gesi ya mitungini huagizwa kutoka nje, hasa kupitia Mombasa.

Sababu ya mtungi kubeba propani na butani, wala si methani, ni ya kimaumbile. Propani na butani zikishindiliwa kwa nguvu za kadiri hugeuka kuwa majimaji, ndiyo maana mtungi ukitikiswa husikika kitu kikichezacheza ndani. Methani haigeuki hivyo katika joto la kawaida. Ni lazima ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sufuri, au ishindiliwe katika mitungi mizito mno. Ndiyo sababu gesi asilia husafirishwa kwa mabomba au kwa meli maalumu.

Mpishi wa Njoro ana sababu nyingine ya kulijua hili. Butani huacha kugeuka kuwa gesi inapokaribia nyuzi sufuri. Mji huu umo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Moto ukififia ilhali mtungi bado ni mzito, huenda ni baridi. Hata hivyo, mtungi haupaswi kamwe kupashwa moto wala kumwagiwa maji yanayochemka.

Mlinzi aliyeajiriwa mwaka wa 1937

Methani, propani na butani hazina rangi, na pua ya binadamu haiwezi kuzitegemea kumwonya. Zinaweza kujaa chumbani pasipo mtu kushuku lolote.

Ulimwengu ulilijua hilo kwa uchungu Machi 18, 1937, katika shule moja ya New London, jimbo la Texas, Marekani. Ili kupunguza gharama, shule hiyo ilikuwa ikitumia gesi iliyobaki visimani, ambayo haikuwa na harufu. Gesi ilivuja na kujaa chini ya jengo bila mtu kuinusa, na cheche moja ya mashine ya umeme ikailipua. Takriban watu 300, wengi wao wakiwa watoto, walipoteza maisha.

Baada ya wiki chache, jimbo hilo lilipitisha sheria ya kutaka gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea kote duniani. Kinachotiwa ni kemikali za jamii ya merkaptani, zenye salfa ndani yake. Pua yenye afya huweza kuitambua etanithioli, ambayo hutiwa katika gesi ya mitungini, hata ikiwa ni chini ya sehemu moja katika sehemu bilioni moja za hewa. Kwa hivyo, harufu humfikia mtu mapema kabla gesi haijafikia kiwango cha kulipuka.

Mlinzi huyo ana udhaifu wake. Pua iliyokaa ndani ya harufu kwa muda huizoea na kuacha kuihisi. Mwenye mafua, mzee ambaye uwezo wake wa kunusa umepungua, au aliyepoteza uwezo huo baada ya kuugua Covid-19, anaweza kuketi kando ya mtungi unaovuja asijue. Fauka ya hayo, gesi ikishawaka, harufu huteketea pamoja nayo. Kaboni monoksaidi, ile sumu inayotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, haina harufu hata chembe, iwe imetoka kwa gesi au kwa jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi.

Juu au chini?

Methani ina takriban nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupaa, na dirisha la juu au tundu la darini huitoa nje. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani kwa takriban mara mbili. Gesi ya mtungini ikivuja, hutiririka chini kama maji, ikajificha chini ya kitanda, ndani ya kabati la sinki au katika mtaro, na kungojea kibiriti.

Kutokana na hilo, mwenye chumba kimoja Njoro asitosheke na kufungua dirisha pekee. Afungue mlango, ambao unafika sakafuni. Mtungi usiwekwe shimoni wala katika chumba cha chini ya ardhi.

Uzito huo ulichangia pia maafa ya Embakasi, Nairobi. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilitapakaa mtaani humo kutoka kwa lori lililokuwa katika kituo cha kujaza mitungi, kisha ikalipuka. Watu kadhaa walifariki na karibu 300 wakajeruhiwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka wa 2023.

Gesi ya zizini

Njoro ni eneo la ng'ombe wa maziwa, na samadi yao ni kisima cha methani. Ikichanganywa na maji na kufungiwa katika shimo lisiloingiza hewa, bakteria huigeuza kuwa bayogesi, ambayo zaidi ya nusu yake huwa ni methani na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kaboni dioksaidi. Nchini Kenya, teknolojia hii ilianza kutumika mwaka wa 1957 katika shamba la kahawa.

Ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa zizini wanaweza kuipa familia gesi ya kupikia chai na ugali kila siku. Bakteria hao hupenda joto, hivyo gesi hupungua miezi ya baridi. Ndiyo maana mitambo mingi hufukiwa ardhini, mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Tope linalobaki hurudishwa shambani kuwa mbolea.

Bayogesi hunuka kwa sababu ya haidrojeni salfaidi, lakini hakuna aliyeitia harufu ya kuonya. Ikichujwa, harufu hufifia huku hatari ikibaki. Shimo la mtambo lisiingiwe kamwe hata likionekana tupu, maadamu hewa iliyomo inaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele.

Matumizi yaliyojificha

Mbali na kupikia, gesi asilia duniani huzalisha umeme, huendesha magari na huwasha tanuri za saruji na vioo. Mkulima wa Njoro ambaye hajawahi kuiona huitumia kila msimu. Mbolea ya yurea, na ile ya DAP ya kupandia, hutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ambayo aghalabu hutolewa katika gesi asilia.

Ndiyo maana vita vya Ukraine vya mwaka wa 2022, vilivyopandisha bei ya gesi, vilifika hadi mashamba ya ngano na viazi ya Njoro. Bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ilipita Sh6,000, na serikali ikalazimika kuuza mbolea ya ruzuku kwa Sh3,500.

Katika upishi, safari bado ni ndefu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia za Kenya zilitegemea kuni, huku takriban robo zikitumia gesi ya mtungini. Kwa mji ulio jirani na Msitu wa Mau, kila sufuria inayoinjikwa juu ya gesi ni mzigo wa kuni uliobaki msituni na moshi uliokosa kuingia kifuani mwa mpishi.

Harufu inaposikika

Asiwashe wala kuzima taa, asiwashe kibiriti, na asipige simu akiwa ndani. Afunge valvu ya mtungi, afungue milango na madirisha, atoe watu nje, ndipo aombe usaidizi. Mahali panapovuja hutafutwa kwa povu la sabuni linalopakwa kwenye mpira na maungio. Panapofanya mapovu ndipo penye tundu. Mwali wa moto hautumiwi kamwe kutafutia uvujaji.

Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya gesi ni harufu ambayo haikuwa yake, iliyopatikana kwa gharama ya watoto wa Texas. Anayeinusa na kuendelea kupika humfukuza mlinzi aliyekuja kumwamsha.