Bao la Ndola

Babu yangu, mkazi wa Rwamishenye, anaukumbuka mwaka 1979 kwa mambo mawili: vita na bao la Peter Tino.

Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilipiga mabomu Bukoba, kisha majeshi yake yakavuka mpaka na kudai ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Babu aliwapeleka watoto Muleba, mwenyewe akabaki kulinda kibanja. Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Agosti, Taifa Stars ilikwenda Ndola ikiwa na ushindi wa 1-0 ilioupata Dar es Salaam. Zambia ikatangulia kufunga. Katika dakika za lala salama Tino akasawazisha, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika, Lagos 1980. Tulifuzu tena 2019, baada ya kuifunga Uganda 3-0.

Tino alicheza mechi nyingi, lakini watu wamebaki na bao moja. Niliona anapunjwa.

Kisha, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilimuuliza babu alijua lini kwamba vita vimekwisha. Nilitarajia ataje Kampala.

“Siku ya bao,” akasema. “Majirani walipiga kelele, na hakuna aliyekimbia.”

Nyaraka nilizosoma zinahesabu vifaru na tarehe. Hilo la kelele nimeliongeza mimi, katika sura ya mwisho.