Amplifaya ya Japani kwenye Umeme wa Volti 230

Amplifaya na mashine za santuri zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia umeme wa volti 100. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, wote wa mizunguko 50 kwa sekunde. Ukichomeka chombo hicho moja kwa moja, transfoma yake hulemewa, mkondo hupanda ghafla na fyuzi hukatika. Fyuzi ikikatika, ushukuru. Kuna wanaoweka kipande cha waya mahali pake, na hapo koili huungua.

Soma kwanza kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, adapta ya plagi inatosha. Amplifaya za zamani za kuuzwa nje mara nyingine zina swichi ya kuchagulia volti. Kibandiko kikisema 100V peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme.

Hapa ndipo wengi hukosea. Transfoma nyingi za madukani hutoa volti 110, zikilenga vyombo vya Marekani. Umeme wa ukutani ukipanda hadi 245, zile 110 zinakuwa 117, na amplifaya ya volti 100 inachemka bure. Omba ya 100 kamili. Chombo cha wati 150 kipe transfoma ya angalau 300, na uiweke mbali na sindano ya santuri, la sivyo spika zitavuma. Vile vipunguza umeme vyepesi vya kielektroniki, vya pasi na vikausha nywele, usivikaribishe kabisa.

Mizunguko ni suala jingine: transfoma haiigusi. Japani yenyewe imegawanyika tangu karne ya 19, Tokyo iliponunua mitambo ya Kijerumani ya mizunguko 50 na Osaka ya Kimarekani ya 60. Ndiyo maana vyombo vyake vingi vimeandikwa 50/60. Shida hasa ni mashine ya santuri ya Marekani inayozungushwa kwa mkanda, yenye mota inayofuata mizunguko ya umeme: santuri ya 33⅓ itazunguka mara 27.8 kwa dakika, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanamume aliyechoka. Dawa yake ni puli kubwa zaidi kwenye mota. Technics SL-1200, iliyoanza mwaka 1972, haina tatizo hilo, kwani mwendo wake husimamiwa na saketi.

Redio ya zamani ya FM ya Kijapani, hata ikipata volti zake, kwa kawaida huishia megahezi 90. Stesheni za juu ya hapo haitazinasa.