Likasi: toka maternite ya kampuni hadi ekografi

Wakati Likasi ilikuwa ingali Jadotville, mimba ya bibi wa mfanyakazi ilikuwa pia jambo la kampuni. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilileta wanawake kambini na kuwajengea maternite, ili wafanyakazi watulie. Mkunga alipapasa tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto. Ekografi haikuwepo: Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za mtoto tumboni mwaka 1958.

Mwaka 1967 kampuni ya serikali, iliyoitwa baadaye Gécamines, ikarithi migodi na hospitali. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kazi, jamaa nyingi zikaanza kujilipia matunzo, ekografi pia.

Wengi huuliza kwanza: mvulana ama msichana? Lakini kifaa kinaonyesha pia mapacha, umri wa mimba, na kondo la nyuma lililoziba njia, ambalo linaweza kumwagisha mama damu nyingi. Ndiyo sababu tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri ekografi moja mbele ya juma la 24.

Mama aliyekimbia makwao ashike karatasi ya ekografi pamoja na fishi ya CPN. Mkunga asiyemjua ataisoma.