Kuumeni Kumeandikwa, Kukeni Kumesahauliwa

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hunukuliwa sana majukwaani siku hizi, hasa pale mtu anapotaka kumwambia mwenzake kwamba yeye si mwenyeji wa mahali fulani. Ni nadra kusikia swali linalopaswa kuitangulia: asili ya upande gani? Jamii zetu hutambua pande mbili za ukoo, kuumeni na kukeni. Zipo hata zile, kama Wamakonde na Wayao wa kusini mwa Tanzania, ambazo kwa desturi zilihesabu ukoo kwa mama. Lakini tunapofungua shajara, tarehe za wafalme na majalada ya serikali, tunakuta upande mmoja tu. Katika makala haya nataka kuufuatilia upande wa pili, kwa kutumia ushahidi ambao wanahistoria wa zamani hawakuwa nao.

Nianze na Kilwa. Simulizi mashuhuri la mji ule linasema kwamba mtawala wake wa kwanza wa Kiislamu alikuwa mwana wa sultani wa Shiraz, aliyekuja kwa jahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyelichapisha simulizi hilo mwaka 1552, anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: mwana huyo, Ali, alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Masimulizi ya wenyeji nayo yanasema mgeni alimwoa binti wa mzee wa kisiwa. Tazama basi. Mwanzoni mwa nasaba hiyo wamesimama wanawake wawili, mama na mke, wote Waafrika. Kutoka hapo orodha inaendelea kwa fulani bin fulani, na wanawake wanatoweka.

Mwili wa binadamu, hata hivyo, una kumbukumbu yake. Ndani ya seli zetu kuna viungo vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyozalisha nishati, navyo vina vinasaba vyao wenyewe, mbali na vile vilivyomo katika kiini cha seli. Vinasaba hivyo ni mfuatano wa herufi 16,569 za kikemia, na mtoto, awe wa kike au wa kiume, huvirithi kwa mama peke yake. Mwana wa kiume anavyo lakini hawezi kuwapa wanawe. Mara moja moja herufi hubadilika wakati wa kunakiliwa, na badiliko hilo hurithiwa na wajukuu na vitukuu wote wa kukeni. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo, wataalamu huweza kuchora mti wa kina mama wa dunia nzima.

Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa watu 147 kutoka mabara mbalimbali, wakitumia zaidi kondo za nyuma zilizotolewa na wanawake waliojifungua. Hitimisho lao lilikuwa kwamba matawi yote ya mti huo yanarudi kwa mwanamke mmoja, aliyeelekea kuishi Afrika takriban miaka 200,000 iliyopita. Magazeti yalimwita Hawa. Jina hilo lilipotosha wengi, kwani hakuwa mwanamke pekee wa zama zake. Walikuwapo wengine wengi, ila mlolongo wao wa mama kwa binti ulikatika mahali fulani njiani.

Wataalamu waliyapa matawi ya mti huo majina ya herufi, na matawi ya kale ya Afrika yakapewa herufi L. Tawi linalotuhusu zaidi ni L3. Watafiti wengi wanaona kwamba lilichipuka Afrika Mashariki kati ya miaka 60,000 na 70,000 iliyopita. Tawi lililo karibu nalo sana, L4, bado ni la kawaida miongoni mwa Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi. Wabeba L3 walisambaa pande nyingi. Wachache walivuka kwenda Asia, na kwao yakatoka matawi mawili makubwa, M na N. Karibu kila binadamu ambaye kukeni kwake kuko nje ya Afrika, awe Mchina, Mhindi, Mjerumani au mzawa wa Australia, amebeba mojawapo ya vitukuu hivyo viwili vya L3. Baadhi ya vitukuu hao walirejea baadaye: tawi M1 hupatikana Ethiopia, na U6 kaskazini mwa Afrika.

Waliobaki barani nao hawakukaa mahali pamoja. Matawi madogo ya L3, kama L3e na L3b, yalienezwa na wasemaji wa lugha za Kibantu walipoanza kutoka maeneo ya mpakani mwa Nigeria na Kameruni ya leo, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, kuelekea mashariki na kusini. Kisha ikaja safari ya kulazimishwa. Leo L3e ni ya kawaida nchini Brazil na visiwani Karibi, kwa sababu ilivushwa Atlantiki ndani ya matumbo ya meli za watumwa. Mwanamke aliyenyang'anywa jina, lugha na mungu wake hakuweza kunyang'anywa alichorithi kwa mama yake.

Sasa turudi pwani yetu. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na watu kadhaa, akiwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa vinasaba David Reich. Walichunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kwamba wengi wao walikuwa na wazee kutoka Afrika na kutoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia karibu mwaka 1000. Wale wa kuumeni walitoka zaidi Asia. Lakini nasaba za kukeni karibu zote zilikuwa za herufi L. Mama walikuwa Waafrika.

Kwa hiyo mabishano ya karne nzima, kati ya waliosema miji ile ilijengwa na wageni na waliosema hadithi ya Washirazi ni uzushi mtupu, yalikuwa mabishano ya watu walioshika upande mmoja mmoja wa kanga. Wababa wa Kiajemi walikuwapo, kama tarehe ya Kilwa ilivyodai. Lakini watoto wao hawakukua wakisema Kiajemi. Walikua wakisema Kiswahili, lugha ya Kibantu. Ndiyo maana ya lugha ya mama kwa maneno yake halisi. Huko Lamu, familia za kiungwana zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mombasa nayo humtaja mwanamke, Mwana Mkisi, kuwa miongoni mwa waasisi wake. Anayesoma vinasaba pamoja na desturi hizi ataelewa kwamba mgeni alikaribishwa katika nyumba iliyokuwa na wenyewe.

Natahadharisha hapa, hasa kwa wanafunzi wangu. Vinasaba havisemi kama ndoa ilikuwa ya hiari. Sura ileile, baba wa kigeni na mama mwenyeji, inaonekana pia Amerika ya Kusini, na huko nyuma yake kuna ushindi wa upanga. Mama yake Ali naye alikuwa mtumwa. Ni historia, kwa maandishi, magofu na masimulizi, inayoweza kutupa maana ya kile ambacho maabara hukipima. Aidha, L3 si kabila, wala haina lugha, dini au mipaka. Ukihesabu vizazi kumi nyuma, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, 512 kati yake zikiwa za wanawake, na mlolongo wa kukeni unakuonyesha mmoja tu kati ya hao. Atakayeutumia mlolongo huo kudai usafi wa damu atakuwa amerudia kosa la mwenye shajara ya akina bin.

Na kosa hilo limewahi kugharimu roho za watu. Nchini Rwanda, vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 viliandika kabila la mtu kwa kumfuata baba. Mtoto wa mama Mhutu na baba Mtutsi aliandikwa Mtutsi, basi. Mwaka 1994 neno hilo moja katika kadi liliweza kuamua nani avuke kizuizi na nani asivuke. Nusu ya mtu ilikuwa imefutwa kwa kalamu ya karani miaka mingi kabla ya panga kuinuliwa.

Yapo pia madhara ya kimyakimya. Chini ya katiba ya zamani ya Kenya, mtoto aliyezaliwa ng'ambo alipata uraia kwa kuzaliwa ikiwa baba yake ni raia. Uraia wa mama pekee haukutosha. Ni Katiba ya 2010, katika Ibara ya 14, iliyosema kwamba mzazi yeyote kati ya wawili anatosha. Zipo nchi barani mwetu ambazo hadi leo hazijafika hapo. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wanajua fomu ninazozizungumzia: zile zenye mstari wa jina la baba, jina la babu, kijiji cha babu, na kisha nafasi ya sahihi. Kila fomu ya namna hiyo ni shajara ya Kilwa iliyopigwa chapa upya.

Haihitajiki maabara ili kulirekebisha hili. Inahitajika sheria inayomtambua mama kuwa chanzo kamili cha uraia, ardhi na urithi, na afisa aliye tayari kuitekeleza bila kumrudisha mtu akamlete baba. Mwacha asili ni mtumwa, nami nakubali. Ila asili ina pande mbili, na taifa linalohesabu upande mmoja halijamaliza kuwahesabu watu wake.