Mwani wa dimbwini uliofungua mlango wa ubongo

Aprili 2005, watafiti Susana Lima na Gero Miesenböck wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha taarifa ya nzi waliokatwa vichwa ambao, walipomulikwa kwa leza, waliruka na kupiga mabawa. Vichwa viliondolewa kwa sababu maalumu: asitokee mtu wa kudai kwamba nzi walishtuka tu baada ya kuuona mwanga. Amri ya kuruka kwa kawaida hutoka ubongoni na kushuka kwenye neva za kifua. Safari hii ilitoka kwenye leza.

Hamu ya kuziamuru neva ni ya zamani. Miaka ya 1780 Luigi Galvani wa Italia alifanya miguu ya chura aliyekufa ijirushe kwa cheche ya umeme, na tangu hapo umeme ndio uliotumika zaidi kuamsha neva. Kasoro yake ni kwamba haubagui. Ukichomeka waya ubongoni na kupitisha umeme, seli zote za jirani zinaguswa, za kuchochea na za kutuliza kwa pamoja, kisha hujui ni zipi zilizoleta matokeo unayoyaona. Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliandika mwaka 1979 kwamba elimu ya ubongo inahitaji njia ya kuigusa aina moja ya seli na kuziacha nyingine kama zilivyo. Miaka 20 baadaye alisema huenda mwanga ukaifanya kazi hiyo, ingawa wazo hilo alilihesabu kuwa la mbali.

Halikuwa mbali hata kidogo. Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa tayari mikononi mwa watu wasioshughulika na ubongo kabisa.

Mwaka 1971 Mjerumani Dieter Oesterhelt, akifanya kazi na Walther Stoeckenius huko San Francisco, alieleza protini ya rangi ya zambarau inayopatikana kwenye kijidudu kipendacho chumvi kali. Ndani yake mna retinali, kemikali ya ukoo wa vitamini A ambayo imo pia machoni mwetu. Mwanga ukiipiga, protini hiyo husukuma chaji ya umeme nje ya seli. Baadaye mwanafunzi wa Oesterhelt, Peter Hegemann, akageukia Chlamydomonas, mwani wa seli moja wenye mikia miwili, ambao huogelea kuufuata mwanga. Mwaka 1991 yeye na Hartmann Harz walipima umeme unaozuka katika seli ya mwani huo mara tu mwanga unapoipiga. Umeme ulizuka haraka mno, ikawa vigumu kuamini kwamba protini moja hupokea mwanga kisha kutuma ujumbe kwa nyingine. Hegemann akashuku kwamba mlango na bawabu wake ni kitu kimoja.

Ushahidi ulichukua zaidi ya miaka kumi. Yeye pamoja na Georg Nagel na Ernst Bamberg wa Frankfurt waliitia jeni ya mwani kwenye mayai ya chura, wakayamulika, na umeme ukapita. Taarifa zao za 2002 na 2003 ziliipa dunia chanelirodopsini: protini moja inayofunguka kwa mwanga wa buluu na kuruhusu ayoni kuingia ndani ya seli. Miesenböck naye alikuwa amekwisha kuziamsha seli za neva kwa mwanga mwaka 2002, lakini njia yake ya kwanza ilihitaji jeni tatu za nzi na ilikwenda polepole. Mwani ulitoa jeni moja tu, tena yenye kasi ya neva yenyewe.

Hapo zikaanza mbio. Mwanzoni mwa 2004, huko Detroit, Zhuo-Hua Pan alitia jeni hiyo katika seli za retina, akaziona zikiitikia mwanga. Alikuwa anatafuta njia ya kuwarudishia vipofu uwezo wa kuona. Agosti mwaka huohuo, Edward Boyden na Karl Deisseroth wa Stanford walifanya jaribio la namna hiyo kwa seli za ubongo wa panya. Makala ya Stanford ilikataliwa na majarida makubwa kabla ya kutoka Agosti 2005. Ya Pan ilikataliwa pia, ikatoka Aprili 2006. Katika sayansi miezi minane inatosha kumfanya mtu asahaulike.

Mwaka 2006 fani ikapata jina, optojenetiki, na mwaka uliofuata ikapata breki: protini inayozima neva kwa mwanga wa manjano, iliyotoka kwa kijidudu cha maziwa ya magadi ya Wadi Natrun, Misri. Ndugu zake wanaishi hapa kwetu, katika maji mekundu ya Ziwa Magadi, Kenya. Kufikia 2013, maabara ya Susumu Tonegawa huko Marekani iliweza, kwa mwanga, kumfanya panya aogope kisanduku ambacho hakuwahi kupatwa na baya lolote ndani yake. Jaribio hilo linastahili kumtia mtu wasiwasi kidogo.

Kwa binadamu mambo yamekwenda taratibu. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa Texas mwaka 2016. Mwaka 2021 ikatolewa taarifa ya Mfaransa wa miaka 58 aliyepofuka kwa ugonjwa wa retina. Alipewa jeni iliyotokana na mwani mwingine, akavalishwa miwani maalumu, na akaweza kuligusa daftari lililokuwa mezani na kuhesabu bilauri.

Tuzo nazo zikafuata. Mwaka 2013 Tuzo ya Ubongo ya Denmark iliwapa heshima watu sita: Bamberg, Boyden, Deisseroth, Hegemann, Miesenböck na Nagel. Tuzo ya Lasker ya 2021 ilikwenda kwa Deisseroth, Hegemann na Oesterhelt, na kumkumbuka Oesterhelt, nusu karne baada ya protini yake ya zambarau, ulikuwa uamuzi wa haki. Jina la Pan halimo katika orodha zote mbili, ingawa mgonjwa wa Texas alitibiwa kwa njia iliyotokana na kazi yake.