KABLA YA BONGO FLEVA MJI ULIKUWA NA BENI: MARINI, ARINOTI NA WATU WALIOJIPA VYEO WENYEWE

Ukisikia watu wazima wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi wamezidi ushabiki, kila mtu na timu ya msanii wake, madongo usiku kucha mitandaoni, ujue hawajasimuliwa habari za beni. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na timu zenye bifu la kweli kweli. Ulikuwa upande huu au upande ule. Mpishi na mpishi mwenzake wa nyumba ya jirani wangeweza wiki nzima wasisemeshane vizuri kwa sababu ya ngoma ya Jumapili. Na hapo hakuna redio, hakuna spika, hakuna jukwaa lenye pazia. Jukwaa lilikuwa barabara yenyewe.

Beni ni lile lile neno bendi, ndivyo Waswahili walivyolisikia kwa Mwingereza na kulifanya la kwao. Lakini usidhani ilikuwa bendi ya kukaa na kupiga muziki watu wacheze. Ilikuwa mchezo wa kuigiza wa mji mzima. Siku ya ngoma kundi linatoka kwenye makao yake limepangwa mistari kama jeshi. Mbele kuna ngoma kubwa na tarumbeta, na wasio na tarumbeta wanapuliza chochote kinachotoa sauti kama yake. Nyuma wanafuata watu wenye sare, nyingine zimeshonwa hapo hapo mtaani, wakipiga gwaride. Kuna jenerali, kuna kanali, kuna kapteni na sajini. Juu yao wote kuna Kingi, na kule kulikokuwa chini ya Mjerumani utamkuta hadi Kaizari. Wanapita mitaani, wanasimama, wanacheza, wanaimba nyimbo za Kiswahili za kujisifu na kuwachana wa upande wa pili. Huku watoto wanakimbia pembeni, na kila mtu barabarani anajifanya ana kazi ya kumpitisha njia hiyo hiyo.

Sasa huyo jenerali ni nani? Kesho yake asubuhi utamkuta anabeba mizigo bandarini. Kanali anafua nguo za bwana wa Kizungu. Kapteni ni karani mdogo wa ofisi ya serikali, anaitwa "boi" na mtu mwenye umri wa mtoto wake. Hawa ndio mastaa wa wakati ule. Hakuna aliyepigwa picha ya kuwekwa ukutani wala aliyelipwa kwa kipaji chake, ila mtaani walijulikana vizuri sana.

Ilianzaje? Pwani ya Kenya, miaka ya 1890. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kulikuwa na kijiji cha Freretown, ambako wamisionari wa Kiingereza waliwaweka watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kijiji kikawa na bendi ya tarumbeta. Mjini nako meli za kivita zilikuwa zinatia nanga, wanajeshi wanashuka na bendi zao. Watu wa pwani wakaangalia, wakasikiliza, wakachukua walichokitaka. Maana mashindano ya ngoma yalikuwepo pwani tangu zamani. Lamu ilikuwa na pande zake, Mkomani na Langoni, zikishindana kwa ushairi, kwa ngoma na kwa karamu. Kwa hiyo kitu kipya kilikuwa nguo tu na vyombo. Ushindani wenyewe ulikuwa wa mababu. Mombasa na Lamu makundi yakaitwa Kingi na Skochi. Kingi ni mfalme, na Skochi ni Waskoti, wale askari wa Kiingereza wenye bendi za kelele.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wazungu wa wakati ule waliangalia wakacheka, wakasema hawa wanatuiga. Hata leo ukimwonyesha mtu picha za zamani za beni atakwambia hiyo ni kasumba ya ukoloni. Polepole kwanza. Ili uelewe uzito wa zile sare, lazima ujue nguo ilikuwa na maana gani pwani.

Zama za utumwa nguo ndiyo ilikuwa kitambulisho chako. Zanzibar na miji mingine ya pwani mtumwa alitembea peku. Kuvaa viatu au kofia mbele ya bwana wake ilikuwa utovu wa adabu. Mwanamke mtumwa alivaa shuka la bei ya chini, kichwa wazi, wakati mabibi wanajifunika. Yaani mtu akikuona kwa mbali tu ameshajua wewe ni nani na akusalimie vipi. Sasa tazama miaka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Pwani ya Kenya ni 1907. Tanganyika, Mjerumani alitawala mpaka akaondoka hajaufuta wote, ukaja kufutwa na Mwingereza mwaka 1922. Kwa hiyo beni ilipokuwa imepamba moto, mji ulikuwa umejaa watu waliozaliwa watumwa, au mama zao walikuwa watumwa, na jirani anakumbuka vizuri tu nani alikuwa wa nani.

Mtu wa namna hiyo anapotoka barabarani na buti zilizong'arishwa, kofia kichwani na mkanda kiunoni, na watu wanampigia saluti, usichukulie poa. Hilo vazi babu yake asingethubutu. Tena hakuazima nguo za bwana wake wa zamani, kanzu na joho za Kiarabu. Aliwaruka hao akachukua nguo za yule aliyekuja kumtawala bwana wake. Hiyo ni akili, na ni dongo pia, na waungwana wa mjini walilipata.

Dar es Salaam na Tanga beni iliingia kabla ya vita ya 1914, na huko ikazaa majina makubwa mawili: Marini na Arinoti. Marini, jina lenye asili ya wanamaji, ilikuwa ya waliojiona wastaarabu: makarani, watu wa pwani, waliosoma kidogo, watumishi wenye mshahara wa uhakika. Arinoti ilikuwa ya wengine wote, hasa watu wa bara waliokuja mjini kutafuta kazi za mikono. Marini waliwaona Arinoti washamba. Arinoti waliwaona Marini watu wa maringo tu. Ushabiki huu ulisafiri na reli na watumishi wa serikali. Karani akihamishiwa bara anafika na Marini yake, na haikuchukua muda mji huo nao ukapata pande mbili.

Hapa ukweli usemwe bila kupaka rangi. Watu hao hao waliochoka kudharauliwa wakatafuta wa kuwadharau wao. Marini wengi hawakutofautiana sana na waungwana waliowakera, walibadilisha sare tu. Halafu kulikuwa na suala la hela. Ushindani ulitaka upande mmoja ukichinja ng'ombe, mwingine uchinje zaidi. Mshahara wa kibarua wa miaka ile ulikuwa hautoshi hata kula vizuri, na bado sare ishonwe na mchango wa karamu utolewe. Mke anayengoja hela ya chakula nyumbani hakuona raha ya ukanali wa mumewe.

Ila wake nao hawakukaa jikoni wakisubiri. Makundi ya beni yalikuwa na upande wa wanawake wenye vyeo vyao. Mombasa wanawake walikuwa na lelemama, ngoma yao wenyewe, nayo ikafuata mgawanyiko ule ule wa pande. Kulikuwa na viongozi, sare na karamu za kushindana. Silaha kubwa ya lelemama ilikuwa wimbo. Aliyefanya la aibu mtaani alijua kabisa kwamba siku ya ngoma ataimbwa, na asingetajwa jina, ila hakuna ambaye asingejua ni yeye. Wapenzi wa mipasho mjue mizizi ni mirefu.

Na wanawake wenye asili ya utumwa walipata humo kitu ambacho sheria haikuwapa. Sheria ilisema uko huru, basi, kwaheri. Haikusema utakuwa dada wa nani, nani atakuja kukuosha ukifa. Chama kilisema.

Hilo la kuosha maiti siyo maneno ya kupamba. Kwa mtu wa bara aliyefika Dar es Salaam peke yake, bila ukoo na bila ndugu wa kumpokea, kufa ugenini bila wa kumzika lilikuwa jambo la kutisha kuliko njaa. Chama cha beni kilimpokea mgeni, kilimchangia akiugua, na akifa kilimzika na watu wakamfuata kaburini. Jenerali wa Jumapili ndiye aliyeenda kuzungusha mchango wa sanda Jumatatu. Ukiangalia hivyo, vile vyeo vilikuwa na kazi. Mtu alipandishwa cheo akawajibika kwa watu wake.

Kisha ikaja vita. Kati ya 1914 na 1918 Mjerumani na Mwingereza walipigana Afrika Mashariki kwa migongo ya watu wa hapa. Hakukuwa na magari ya kutosha, barabara ndiyo kabisa, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa kichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi cha wapagazi hao, na Nairobi wana Kariokor yao. Ndani ya mateso hayo beni ndiyo ikasambaa kuliko wakati wowote. Makambini walikutana watu wa kila kabila. Askari wa Mjerumani waliotekwa wakawekwa pamoja, wale wa Mwingereza kutoka Nyasaland wakaiona, wakajifunza. Vita ilipoisha kila mmoja akarudi kwao na gwaride lake. Nyasaland ikawa malipenga na mganda, na mahali ambapo tarumbeta haikupatikana watu walitoboa vibuyu vikalia kama tarumbeta. Ukienda leo pande za ziwa Nyasa, hata upande wa Tanzania, mganda bado unachezwa kwa mistari na hatua za kijeshi.

Sasa waliokuwa wanacheka wakaacha kucheka. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza walianza kuiandikia beni ripoti. Watu wenye sare, vyeo, matawi katika kila mji na barua zinazotumwa kutoka tawi hadi tawi! Isije ikawa wanapanga kitu. Wamisionari nao walikuwa na lao, kwao beni ilikuwa inawavuta Wakristo wao kwenye anasa. Inachekesha kidogo. Serikali iliyowafundisha watu gwaride kwa viboko iliogopa kuwaona wakilipiga kwa hiari yao.

Walichunguza, na maasi yaliyopangwa na beni hawakuyakuta. Lakini woga wao haukuwa wa kijinga kabisa. Mwaka 1935 wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa, waligoma kwa sababu ya kodi iliyopandishwa. Kwenye mgodi wa Luanshya watu 6 waliuawa kwa risasi. Tume iliyoundwa kuchunguza ikajikuta inauliza habari za Mbeni, maana beni ilishafika mpaka huko na askari waliotoka vitani. Watu waliozoea kukusanyika, kuchagua viongozi na kupeleka habari kupitia ngoma hawakuhitaji kufundishwa upya namna ya kufanya hivyo siku ya mgomo.

Mijini Tanganyika na Kenya beni ilianza kupoa miaka ya 1930. Vijana waliosoma wakahamia kwenye dansi, suti na gramafoni, wengine mpira ukawachukua na ushabiki wao wote. Zanzibar haikufa, ikageuka ya harusi, na mpaka leo tarumbeta zikilia mtaani akina mama wanatoka na kanga zao kuifuata.

Kule Luanshya ndiyo ilifika mbali zaidi. Miaka ya 1950 mwanzoni, Jumapili mchana, wachimba migodi wa Kibisa walikuwa wanacheza kalela, mtoto wa Mbeni. Sare za kijeshi zilikuwa zimeshaondoka. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, singleti safi na viatu vinavyong'aa. Katika mchezo alikuwepo "daktari" mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Alikuwepo pia "sista", mwanamke pekee katika kundi, amevaa nyeupe kama nesi wa hospitali, mkononi ana kioo na leso. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye mstari huku ngoma ikiendelea, ili kila mchezaji, ambaye kesho yake ataingia tena chini ya ardhi, ajitazame kwenye kioo na kujifuta jasho.