Kabla mgeni hajajua Shianda iko wapi



Wiki jana jamaa mmoja wa kikundi cha huku kwetu alinipigia simu. Alitaka video fupi ya kuwavutia vijana wa ng'ambo waje kujitolea Shianda. Nikasema sawa, kazi ni kazi. Halafu akaongeza, "Lakini usisahau kupiga wale watoto hawana viatu. Wageni siku hizi huchagua kwa macho."

Sikumjibu hapo hapo. Nilibaki na swali: huyu mgeni wa kujitolea hujuaje mahali atakapoishi na kufanya kazi? Na sisi tutakaoishi naye hujua lini? Nikaanza kuchimba historia. Kumbe mambo yenyewe yana zaidi ya miaka mia moja, na swali ni lile lile: nani anachagua?

Tuanze 1902. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Kisumu mwisho wa 1901. Mwaka uliofuata wakaja Wamarekani watatu wa dhehebu la Friends: Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Hawakuwa na barua ya kuwaambia nendeni kijiji fulani. Walitoka Kisumu wakitafuta wenyewe, na Agosti 1902 wakapiga kambi Kaimosi, kusini ya Kakamega, upande ambao leo ni Vihiga. Mahali palikuwa na msitu wa mbao, mto wa kuendesha mashine na watu wengi wa kuhubiriwa. Mgeni akaona, mgeni akapenda, mgeni akakaa. Shule na hospitali zilizotokana na hapo tunazijua, na sitazidharau. Ila chaguo la kwanza lilikuwa lao.

Sasa ruka hadi uhuru. Tarehe 1 Machi 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps, shirika la serikali yake la kutuma watu kujitolea nchi nyingine. Ghana na Tanganyika zilipokea vikundi vya kwanza mwaka huo huo. Kenya tulianza 1964, na kwa miaka hamsini walikuja zaidi ya 5,000. Hapa mgeni hakujichagulia tena. Ulijaza fomu, ukangoja, na barua ikaja kukuambia nchi yako. Kijiji chako ungekijua baadaye kabisa.

Lakini upande wa pili wa barua ile haujaandikwa sana, kwa hivyo niliuliza nyumbani.

Kukhu wangu, mama mzaa baba, alikuwa mama kijana miaka ya 1970. Wakati huo shule za harambee zilikuwa zimeota kila mahali, mpaka zikazidi za serikali kwa idadi. Wazazi walijenga darasa kwa kuku, mahindi na shilingi mbili mbili. Shida ilikuwa walimu, hasa wa hesabu na sayansi. Wengi wa Peace Corps walipelekwa katika shule kama hizo.

"Sisi ndio tuliomba," Kukhu akaniambia. "Kamati iliandika barua. Tukajibiwa mwalimu atakuja, lakini nyumba ni juu yenu."

Basi wakatafuta nyumba. Chumba kimoja na sebule. Wanaume wakabadilisha mlango uliokuwa umeliwa na mchwa, wakachimba choo kipya. Wanawake wakakandika ukuta upya, wakabishana kama Mmarekani anaweza kula obusuma au atanunuliwa mkate. Kukhu alipewa zamu ya maji siku ya kwanza. Huyo mwalimu mwenyewe alikuwa wapi? Labda bado darasani akifundishwa kusema "habari ya asubuhi".

Alipofika alisema alitafuta Shianda kwenye ramani akakosa. Aliiona Kakamega tu. Kukhu bado hucheka. "Sisi tulijua atalala kona gani ya nyumba, yeye hakujua hata barabara."

Fikiria hilo vizuri. Kijiji kilimjua mgeni kabla mgeni hajakijua. Na kwa kuwa wao ndio waliomba, walikuwa na haki ya kumwelekeza. Mwaka wa kwanza alitaka kuanzisha klabu ya muziki, kamati ikamwambia polepole: mwalimu, tuliomba hesabu. Akafundisha hesabu, klabu ikawa Jumamosi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwezi kumpa mtu jembe kama shamba amejichagulia mwenyewe.

Utaratibu huo uliendelea. Miaka ya 2000 wageni wa Peace Corps walikuwa wakifunzwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, wakikaa na familia na kujifunza Kiswahili. Karibu na mwisho wa mafunzo ndipo walitangaziwa vituo. Mtu amezoea ubaridi wa mlima na ng'ombe wa Wamaasai, halafu anaambiwa ni Magharibi: miwa, mvua ya kila jioni na lugha nyingine tena. Lazima tumbo lilizunguka kidogo!

Halafu ikaja Julai 2014. Mwezi huo Peace Corps ilibadilisha utaratibu: sasa mwombaji angeweza kuchagua nchi na kazi anayotaka. Mwezi huo huo ikasimamisha shughuli zake Kenya kwa sababu ya usalama. Yaani mgeni alipopata ruhusa ya kuchagua, sisi tukatolewa kwenye orodha. Hakuna mtu wa Shianda aliyeulizwa katika mambo hayo mawili.

Na si Peace Corps peke yake. Siku hizi kuna mashirika mengi ambapo kijana hulipa, hufungua simu na kuchagua kijiji kama anavyochagua viatu. Wiki mbili, picha, kwaheri. Sisemi wote ni wabaya. Nasema tumerudi 1902: mgeni anaona, mgeni anapenda. Tofauti ni kwamba leo sisi wenyewe ndio tunapanga dirisha la duka, na kile tunachoweka dirishani ni miguu ya watoto wetu.

Mtu ataniambia, "Wewe una simu nzuri na data, ni rahisi kukataa. Hao wageni huleta vitabu." Ni kweli. Na ile kazi ningelipwa, na nilihitaji pesa. Lakini kamati ya Kukhu ilikuwa maskini kuliko sisi, na bado iliandika barua ya kusema inataka nini. Haikutuma picha ya njaa.

Kwa hivyo nilimpigia yule jamaa. Nikamwambia nitapiga video, kwa masharti: ianze na barabara ya Kakamega–Mumias, soko letu, shule, na mwalimu mmoja akisema wazi anahitaji mtu wa somo gani, kwa muda gani. Halafu ionyeshe chumba atakacholala. Watoto watakuwepo, wakicheza, na wazazi wao wakijua.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema ataongea na wenzake. Mpaka leo nangoja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo. Lakini mwenyeji aulizwe kwanza anaumwa wapi. Kwenu, nani aliulizwa?